Fundi mkuu wa radio: mtu anayehesabu mwanga katika hospitali za maveterani wa Marekani

Katika majimbo ya mashariki, neno "radio" lina maana mbili. Kuna radio ya kusikiliza habari, na kuna radio ya hospitali, ile ambayo munganga anakutuma upige wakati mkono umevunjika au kikohozi hakiishi. Hiyo ya pili wengi wanaijua kama kazi ya dakika moja. Unavua shati, unasimama mbele ya sahani ya mashini, fundi anasema "vuta pumzi, shika hapo hapo", mashini inalia kidogo, basi. Unavaa shati na kungoja filmu.

Lakini kuna radio nyingine ya hospitali ambayo haiishi kwa dakika moja. Inaweza kuchukua saa moja, mbili, hata tatu. Mgonjwa analala juu ya meza, mwanga wa mashini unapita mwilini mwake mara kwa mara, na waganga wanatazama kwenye televisheni huku wanapitisha waya mwembamba ndani ya mishipa ya damu. Wanafungua pale palipoziba, wanaziba pale panapovuja, wanapeleka dawa mpaka ndani ya uvimbe wa ini. Hapa picha si ya kutafuta ugonjwa tu. Matibabu yenyewe yanafanyika ndani ya picha.

Kazi hii inataka timu: munganga, infirmiye, na mafundi wa radio. Kati ya mafundi kuna mmoja anayewaongoza wengine, fundi mkuu. Katika hospitali za maveterani wa Marekani, kazi yake ina uzito wa pekee kwa sababu ya wagonjwa wanaofika pale. Yeye ndiye anayehakikisha kwamba mwanga ule unaookoa mguu wa askari mzee hauchomi ngozi yake, wala hauharibu macho ya wale wanaomtibu.

Hospitali hizi ni za nani?

Kule Marekani, mtu aliyetumika jeshini kisha akatoka anaitwa veterani. Si lazima awe amepigana vita. Hata aliyekaa miaka yake yote kambini akitengeneza magari ya jeshi ni veterani. Akitimiza masharti ya sheria, ana haki ya kutibiwa katika hospitali za Wizara ya Maveterani, ambayo kwa kifupi inaitwa VA. Shirika hilo la serikali lilianzishwa mwaka 1930, likapandishwa kuwa wizara mwaka 1989. Leo lina hospitali zaidi ya 170 katika nchi nzima, mbali na vituo vya afya vingi, na watu walioandikishwa kutibiwa humo wanapita milioni 9.

Wagonjwa hao wana miili yenye historia. Waliopigana Vietnam leo wamepita miaka 70. Kati ya mwaka 1962 na 1971 jeshi la Marekani lilimwaga kutoka kwenye ndege dawa za kuua majani ya misitu ya Vietnam, ili adui asipate pa kujificha. Inayojulikana zaidi inaitwa Agent Orange. Askari waliishi katika sehemu zilizonyunyiziwa dawa hizo. Tangu mwaka 2001, serikali ya Marekani inakubali kwamba veterani aliyetumika Vietnam akipata ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, uhesabiwe kuwa umetokana na utumishi wake. Halazimiki kuleta ushahidi kwamba dawa hiyo ilimgusa yeye mwenyewe.

Ugonjwa wa sukari, pamoja na sigara na presha, unaharibu mishipa ya damu polepole. Mara nyingi mishipa ya miguu ndiyo inayoteseka. Ndiyo maana katika hospitali za VA mguu wa askari mzee ni jambo kubwa, na wizara ina mpango maalum wa nchi nzima wa kuzuia kukatwa miguu. Mgonjwa wa sukari anakaguliwa miguu, na mwenye hatari anatumwa kwa wataalamu mapema.

Wengine wamebaki na vipande vya chuma mwilini kutoka vitani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuingizwa ovyo ndani ya mashini kubwa ya sumaku inayoitwa IRM, kwa sababu sumaku inaweza kusogeza chuma, na kama kiko jichoni au karibu na uti wa mgongo ni hatari kubwa. Fundi wa radio anaviona vipande hivyo waziwazi kwenye televisheni yake, vyeupe au vyeusi kulingana na jinsi picha ilivyopangwa, miaka 50 kisha vita kuisha.

Tena kuna majeraha ambayo mashini haiyaoni. Mtu aliyepita katika vita anaweza kushtuka vibaya akilazwa chali katika chumba chenye giza, mikono imefungwa kando ya mwili, sura za watu zimefichwa na maski, na kitu cha chuma kinazunguka juu ya kichwa chake. Fundi anayejua kazi yake hangoji mgonjwa aanze kutetemeka. Anamwambia kila kitu mbele ya kukifanya: "Mzee, sasa mashini itakuja upande wa kushoto, haitakugusa. Sasa utasikia baridi, ni dawa ya kusafisha. Sasa utasikia joto tumboni, ni dawa ya picha, itapita." Maneno haya ni sehemu ya matibabu sawa na sindano.

Mguu unafunguliwa namna gani?

Ili kuelewa kazi, chukua mfano wa kawaida. Mzee ana kidonda kwenye kidole cha mguu, miezi mitatu hakiponi. Mguu ni baridi. Munganga akiweka kidole juu ya mshipa wa mguu hasikii mpigo. Damu haifiki vizuri. Zamani jibu lilikuwa operesheni kubwa, au msumeno.

Njia nyingine ilianza kufunguliwa mwaka 1953, wakati munganga wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, alipoandika kuhusu namna rahisi ya kuingia ndani ya mshipa. Unachoma sindano, unapitisha waya ndani ya sindano, unatoa sindano na kuacha waya, kisha unatelezesha mpira mwembamba juu ya waya. Mpira huo unaitwa kateta. Namna hiyo inatumika mpaka leo.

Mwaka 1964, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, munganga Charles Dotter alipokea mama mzee wa miaka 82. Mguu wake ulikuwa umeanza kuoza, na alikataa kukatwa. Dotter alipitisha kateta pale mshipa ulipobanana na kuupanua kutoka ndani. Mguu ukapata joto, kidonda kikapona, na yule mama akaendelea kutembea kwa miguu yake miwili. Miaka kumi nyuma yake, mwaka 1974, Andreas Grüntzig alianza kutumia puto dogo lililofungwa kwenye kateta. Linaingia likiwa limekunjwa, linapulizwa pale palipobanana, linakunjwa tena na kutolewa.

Leo mzee wa VA anapita njia hiyo hiyo. Munganga anatia ganzi kwenye kinena, mara nyingi upande wa mguu mzima. Anachoma mshipa, anapitisha waya kupanda mpaka pale mshipa mkubwa wa tumbo unapogawanyika, kisha anashuka nao upande wa mguu mgonjwa. Dawa ya iodini inapigwa ndani ya kateta, na kwa sababu mwanga wa radio hauipiti kirahisi, mishipa inaonekana yote kama mto na vijito vyake. Palipoziba panaonekana kama mto uliokatika. Waya unapita, puto linafuata. Wakati mwingine kinaachwa kibomba kidogo cha waya za chuma kinachoitwa stenti, ili mshipa usifunge tena.

Mgonjwa hajalala usingizi kamili. Infirmiye anampa dawa ya kutuliza na ya maumivu, na anamfuatilia mapigo ya moyo, pumzi na presha bila kuondoa macho. Mzee anaweza kuongea, na anaweza kusema "naumia".

Fundi anafanya nini humo ndani?

Mtu akitazama kutoka nje anaweza kufikiri fundi anabonyeza vitufe tu. Sivyo. Kabla mgonjwa hajaingia, fundi amesoma faili lake. Je, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Figo zake zinafanya kazi kiasi gani? Dawa ya iodini iliwahi kumletea mwasho au kukosa pumzi? Ni mguu gani, wa kuume au wa kushoto? Mbele ya sindano ya kwanza, watu wote wanasimama kimya, mmoja anasoma kwa sauti jina la mgonjwa, kazi inayofanyika na upande wake, na kila mmoja anakubali. Kusimama huko kumeokoa watu wengi wasifanyiwe kazi mahali pasipohusika.

Kama figo ni dhaifu, iodini inaweza kuzimaliza. Hapo fundi anatayarisha hewa ya kaboni, ileile tunayoitoa tukipumua. Ikiingizwa kwenye mshipa inasukuma damu kwa muda mfupi, picha inachukuliwa, kisha inayeyuka na kutoka kwa njia ya mapafu. Lakini ina sharti gumu: inatumika kwa mishipa ya tumboni na ya miguu tu, kamwe si karibu na ubongo. Pia hewa ya kawaida isiingie ndani ya mpira hata kidogo. Fundi ndiye anayekagua kila mpira na kila kifungo.

Kisha kuna vifaa. Kabati la chumba hiki lina mamia ya nyaya, kateta, maputo na stenti, kila moja na kipimo chake. Unene wa kateta unapimwa kwa kipimo cha zamani cha Wafaransa, ambacho wenye kujua Kifaransa wanakiita Charrière. Kipimo 1 ni theluthi moja ya milimita, kwa hiyo kateta ya namba 6 ina unene wa milimita 2. Munganga akiomba puto la upana fulani na urefu fulani, fundi anapaswa kulijua liko droo gani, kuhakikisha tarehe yake haijapita, na kuhakikisha linapita juu ya waya uliomo ndani. Kifaa kimoja kinaweza kuwa na bei kubwa, na pakiti ikifunguliwa kwa makosa hairudishwi kabatini.

Mwanga usioonekana

Sasa ndipo unafika moyo wa kazi yenyewe. Mwanga wa radio uligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen tarehe 8 Novemba 1895. Watu waliufurahia haraka kuliko walivyouelewa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani, alikuwa akiweka mikono yake mbele ya mashini kila siku ili kuijaribu. Mikono ikaungua, ikapata kansa, ikakatwa, na mwaka 1904 akafa. Mwanga huu hauna harufu, hauna joto, hauumi wakati unapita. Hasara yake inakuja kisha.

Kwa radio ya kawaida ya kifua, hakuna sababu ya kuogopa. Kipimo chake ni karibu 0.1 milisivati, sawa na kile ambacho mwili unapata kwa siku 10 hivi kutoka kwenye ardhi, mawe na anga bila kwenda hospitalini. Lakini kazi ya kufungua mishipa ni jambo lingine, kwa sababu mwanga unaweza kuelekezwa sehemu moja ya ngozi kwa muda mrefu. Mwaka 1994, shirika la Marekani linalosimamia dawa na vifaa vya hospitali, FDA, lilitoa onyo kwa waganga wote kuhusu wagonjwa waliopata majeraha ya ngozi kutokana na kazi za namna hii. Ngozi inaweza kuwa nyekundu, nywele kutoka, na kwa kipimo kikubwa kidonda kibaya kikafunguka. Jambo la hatari ni kwamba kidonda kinaweza kutokea wiki nyingi kisha kazi. Mgonjwa anafikiri ni mdudu au kitanda kibaya. Munganga mwingine anayemwona hajui kwamba mtu huyu alilala chini ya mashini.

Kwa hiyo mashini za leo zinahesabu. Pembeni ya picha kuna namba inayopanda kila mara munganga anapokanyaga pedali. Inapimwa kwa grei. Katika vyumba vingi, namba ikifika 3 fundi anasema kwa sauti: "Munganga, tumefika tatu." Kisha anasema tena kila inapoongezeka moja. Ikipita 5, inaandikwa kwenye faili, mgonjwa anaelezwa sehemu gani ya ngozi aiangalie, na anafuatiliwa.

Anayeamua kuendelea au kusimama ni munganga. Pengine mshipa uko karibu kufunguka, na kusimama ni kupoteza mguu. Lakini munganga aliyezama katika kazi ngumu hatazami saa wala namba. Macho yake yako kwenye ncha ya waya. Ndiyo maana lazima awepo mtu mwingine mwenye haki ya kusema, na anayesema hata kama munganga ni mkubwa, mzee na mkali. Fundi mkuu anawafundisha mafundi wake kusema wazi, na anawatetea wakisema. Chumba ambamo fundi anaogopa kufungua kinywa ni chumba cha hatari, hata kama mashini yake ni mpya kabisa.

Kusema peke yake hakutoshi. Fundi anajua namna nyingi za kupunguza mwanga bila kuharibu picha. Mashini inaweza kutoa mwanga kwa vipigo vifupi badala ya kumimina bila kukatika, na vipigo vichache kwa sekunde mara nyingi vinatosha. Anaweza kufunga mapazia ya chuma ndani ya mashini ili mwanga uguse tu pale panapotakiwa. Anaweza kusogeza sahani ya kupokea picha karibu na mgonjwa na kuweka meza mbali na mahali mwanga unapotokea. Anaweza kubakiza picha ya mwisho kwenye televisheni, waganga wajadiliane wakiitazama bila mguu wa mtu kuwa juu ya pedali. Na anaweza kugeuza kidogo pembe ya mashini ili ngozi ileile isipigwe saa nzima.

Na wale wanaofanya kazi?

Mgonjwa anaingia chumbani mara moja au mara chache. Fundi yuko humo kila siku, miaka 20 au 30. Mwanga unaomfikia yeye hautoki sana kwenye mashini moja kwa moja. Unatoka mwilini mwa mgonjwa, ukigonga na kutawanyika pande zote kama maji yanayogonga jiwe. Mashini inapopiga kutoka chini ya meza, mwanga uliotawanyika unakuwa mkali zaidi chini, usawa wa miguu ya wafanyakazi. Kwa hiyo mapazia ya risasi yananing'inia kando ya meza.

Kila mtu anavaa tabliye ya risasi, kinga ya shingo na miwani maalum. Tabliye ya kawaida ina nguvu ya risasi ya nusu milimita, na inazuia zaidi ya asilimia 90 ya mwanga uliotawanyika. Ni nzito, inaweza kupita kilo 5, na maumivu ya mgongo ni ugonjwa wa hii kazi. Fundi mkuu hakubali itupwe juu ya kiti au ikunjwe, kwa sababu ndani yake inapasuka bila mtu kuona. Inatundikwa, na kila mwaka inapitishwa yenyewe chini ya mashini kutafuta nyufa.

Kinga nyingine ni ya bure: umbali. Ukisimama mbali mara mbili, mwanga unaokufikia unabaki karibu robo. Hatua moja nyuma wakati dawa ya picha inapigwa inaweza kufanya kazi kubwa.

Kila mfanyakazi anavaa kipimo kidogo, kama kitambulisho, shingoni juu ya tabliye, na mara nyingi cha pili chini yake. Vinapelekwa kusomwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Sheria ya Marekani inaweka mwisho wa milisivati 50 kwa mwaka kwa mfanyakazi. Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi inashauri chini ya hapo: wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika miaka mitano. Mwaka 2011 tume hiyo ilishusha pia kipimo cha macho mpaka 20, kwa sababu ilionekana mtoto wa jicho unakuja kwa mwanga mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Matokeo yakirudi, fundi mkuu anayatazama jina kwa jina. Namba ya mtu ikipanda ghafula, anamwita, anatafuta sababu. Na namba ikiwa sifuri kila mwezi kwa mtu anayefanya kazi nyingi, anamwita vilevile, kwa sababu pengine kipimo kinalala kabatini.

Nje ya chumba

Fundi mkuu bado anafanya kazi ya mikono, lakini ana ya pili ya kuongoza. Anapanga nani yuko kazini na nani ataitwa usiku. Mgonjwa anayevuja damu tumboni hangoji asubuhi, na katika hospitali nyingi timu iliyoitwa inatakiwa kufika katika muda wa nusu saa hivi. Fundi aliyeitwa saa nane ya usiku lazima aweze kuwasha chumba, kupata vifaa na kumpokea mgonjwa akiwa karibu peke yake. Kwa hiyo mpya hawekwi kwenye zamu ya usiku mpaka fundi mkuu amwone kwa macho yake kwamba anaweza.

Tena anafuatilia kabati lisikauke, anapokea mafundi wa kutengeneza mashini, anakaa na mtaalamu wa fizikia anayepima kama mashini inatoa mwanga inavyosema. Anaandika. Katika hospitali ya serikali, jambo lisiloandikwa ni kama halikufanyika.

Mtu anaifikiaje kazi hii?

Kule Marekani, njia ya kawaida ni shule ya radio ya miaka miwili au zaidi, kisha mtihani wa shirika linaloitwa ARRT. Akiwa tayari fundi wa radio wa kawaida, anajifunza kazi ya mishipa kwa vitendo, kila kazi ikiandikwa, na anafanya mtihani wa pili. Hata akifaulu hajamaliza: kila miaka miwili lazima aonyeshe saa 24 za masomo mapya. Ukuu unakuja kisha uzoefu.

Jambo hili linawagusa pia Wacongomani. Katika miaka ya karibuni, wakimbizi kutoka Congo wamekuwa kati ya makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani, na wengi wao wanaongea Kiswahili. Wako pale watu waliosoma ISTM au waliofanya kazi hospitalini mbele ya kukimbia. Wanapaswa kujua mambo mawili. La kwanza, diploma ya nyumbani kwa kawaida haitoshi yenyewe kuingia kwenye mtihani wa ARRT, na mara nyingi mtu anarudi shule inayotambuliwa. La pili, hospitali za VA zinaajiri kwanza raia wa Marekani. Asiye raia anachukuliwa pale tu raia mwenye ujuzi amekosekana. Mkimbizi anaweza kuomba uraia miaka mitano ikitimia, ikihesabiwa tangu siku aliyoingia, kama amepata kadi ya kukaa. Muda huo unatosha kusoma na kupata mtihani wa kwanza.

Cha kushika nyumbani

Mambo mengi ya chumba kile yanahitaji pesa nyingi. Lakini mengine hayahitaji mashini ya gharama, na yanafaa Bukavu, Beni au Kindu sawa na Portland.

Ukitumwa kupiga radio, mwambie fundi mapema kama una mimba au unafikiri unayo. Kama ulipiga radio ileile wiki iliyopita, peleka filmu, usipigwe mara ya pili bure. Ukiombwa kumshika mtoto wakati wa radio, omba tabliye, na kama una mimba mwache mtu mwingine amshike. Kuuliza si kumdharau fundi. Fundi mzuri anafurahi akiulizwa.

Na kwa mwenye ugonjwa wa sukari, kila jioni atazame nyayo zake na katikati ya vidole, akitumia kioo au macho ya mtoto wa nyumbani. Kidonda kidogo kisichouma ndicho cha kukimbiza hospitalini, kwa sababu mguu uliopoteza uchungu haumwonyi tena mwenyewe. Kule kwenye hospitali za maveterani, fundi mkuu na timu yake wanajua kufungua mshipa uliofungwa. Lakini mguu uliofika kwao mapema ndio unaofunguliwa vizuri, na kwa mwanga kidogo zaidi.